Tuliomba Nyumba ya Wazee

Bell Ford, Carolina Kusini
11 Februari 2018

Kaka Thaddeus,

Mimi mzima, ni magoti tu yanayonung'unika. Kamiyah anakusalimu. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka, basi kila akitamka jina lako linaishia kwa mluzi, na analitamka makusudi mpaka namfukuza jikoni. Bado analala kitandani kwangu mimi bibi yake tangu tumzike mama yake. Nilidhani kufikia umri wa miaka minane ataacha. Sijamlazimisha.

Najua simu huisikii tena, kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu kama enzi za Mama.

Jambo lenyewe ni hili. Ule uwanja wa kuegesha magari wa kaunti, waliouweka baada ya kubomoa Tanyard, mtaa wetu wa kiwanda cha ngozi, kuna kampuni ya Atlanta inataka kujenga hapo nyumba za ghorofa zenye pango la watu kama sisi. Bwana mmoja anaitwa Lyle alikuja kanisani Shilo baada ya ibada, akala sahani mbili za sukuma wiki, kisha akatueleza. Anasema si serikali inayojenga, ni mambo ya nafuu ya kodi. Niliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Nyumba hiyo naihitaji, Kaka. Tangu kiwanda cha betri kifunguliwe mji umejaa watu wenye mishahara, na hata banda la kuku lina bei. Mzee Ott aliyenipangisha amekufa, watoto wake wanauza. Wamenipa muda, ila si mwingi.

Mwezi ujao baraza la mji litasikiliza wananchi. Kila mtu anapewa dakika tatu kwenye kipaza sauti. Wale wa nyumba mpya nyuma ya hospitali wameshachomeka vibao kwenye nyasi zao kupinga. Mchungaji Gillyard ameniomba nisimame, maana tuliozaliwa Tanyard ambao bado tunatembea bila kushikwa mkono tumebaki wachache. Wewe ndiye msomi wetu. Niseme nini?

Dada yako,
Letha


Toledo, Ohio
24 Februari 2018

Letha mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa koti, maana joto la jengo hili linakuja likipenda. Tangu mke wangu Ernestine anitangulie nimejifunza kupika kwa sufuria moja na kula nimesimama. Sina ugonjwa mpya. Mwambie Kamiyah asiharakishe meno. Jina langu halijawahi kutamkwa vizuri hivyo.

Kuhusu huyo Lyle, hakuwadanganya. Nimekwenda maktaba nikasoma. Serikali kuu inayapa majimbo nafuu ya kodi, jimbo linaigawa kwa kampuni zinazoishindania, kampuni inaiuza kwa benki, benki inapunguziwa kodi yake mwaka baada ya mwaka, na fedha ya benki ndiyo inayonunua matofali. Kwa malipo hayo pango linazuiwa lisipande ovyo kwa miaka mingi. Ndiyo kusema maskini hapati paa mpaka benki ipate faida. Nchi hii haijawahi kutupa mkate bila kwanza kumlipa mtu wa kubeba sahani. Lakini mkate ni mkate, na wewe una njaa.

Sasa, la kusema. Usiseme maskini. Usiseme haki; Baba aliisema haki katika ukumbi huohuo mwaka 1968, na tingatinga halikuchelewa hata siku moja. Usiseme hata familia. Wakisikia familia wanaona watoto, na wakiwaona watoto wetu hawawaoni watoto, wanaona vijana waliosimama kwenye kona. Sema wazee. Hakuna diwani wa mji mdogo atakayethubutu, mbele ya majirani zake, kumpinga bibi aliyevaa kofia ya kanisani. Vaa ile ya zambarau. Sema umezaliwa hapo na unataka kuzeekea hapo. Kisha nyamaza, hata kama dakika zimebaki. Ukimya wa mwanamke mzee unawatisha kuliko hotuba.

Kaka yako,
Thaddeus


Bell Ford
25 Machi 2018

Kaka,

Salamu kwanza, ingawa najua utaruka mistari kutafuta habari. Tu wazima. Bamia nimeshaotesha kwenye makopo dirishani, sipandi tena kwenye ardhi ya watoto wa Ott. Kamiyah ana jino moja jipya na limekaa upande.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi. Wapinzani walitangulia. Mmoja alisema shule zitafurika. Mwingine alisema hana ubaguzi wowote, na mchungaji akaninong'oneza, "Shika pochi yako, Dada Letha, huyo anakuja." Akaja kweli: alisema anajali tu aina ya watu. Mama mmoja kijana alilia kwa ajili ya bei ya nyumba yake. Alilia machozi ya kweli kabisa.

Ikafika zamu yangu. Kofia ya zambarau, glavu, kila kitu. Nikasema, "Mimi ni Arletha Rumph Boykin. Nilizaliwa pale mnapoegesha magari. Nimewalea baadhi yenu, nimewapikia baadhi yenu, na mmoja wenu hapo mbele nilimfundisha kufunga kamba za viatu. Sisi wazee tulioondolewa pale hatuombi mengi. Tunaomba turudi tukazeekee kwetu." Kisha nikanyamaza kama ulivyosema. Kipaza sauti kikawa kinavuma peke yake.

Diwani mmoja akaniuliza, "Bibi Boykin, kwa hiyo likiwa jengo la wazee, utaridhika?"

Nikasema, "Nitaridhika, bwana."

Wakatazamana. Lyle akainuka mbio akaenda kunong'ona na mwanasheria wa mji. Wakatoka, wakarudi, na kampuni ikasema iko tayari kubadili maombi yake, jengo liwe la wazee. Kura zikapigwa, tukashinda. Hata yule wa aina ya watu alinipa mkono akasema nimemkumbusha bibi yake.

Kaka, ulijua. Laiti Baba angekuwa na wewe ukumbini mwaka ule.

Letha


Toledo
15 Aprili 2018

Letha,

Nilisoma barua yako nikakaa chini. Nina miaka sabini na tisa na sikumbuki lini mara ya mwisho upande wetu ulishinda kitu katika ukumbi ule.

Sasa nisikilize vizuri, maana wewe ulikuwa mdogo na huenda umesahau. Nyumba yetu ilikuwa pale ambapo leo ni kona ya kaskazini ya uwanja, karibu na mfereji. Kibaraza kilitazama mashariki. Harufu ya ngozi mbichi ilikuja mchana tu, upepo ukigeuka. Asubuhi ilikuwa harufu ya mti wa peasi wa Mama. Wakati wa kugawa, omba chini, upande wa mashariki. Kamiyah apewe chumba chenye jua la asubuhi, mtoto aliyefiwa asiamke gizani. Utaamka unaona kile Mama alichokiona, isipokuwa mti.

Nimenunua ramani ya Bell Ford ya mwaka 1961 kwa mtu anayeuza vitu vya kale. Imebandikwa jikoni. Sasa nakula nimekaa, nikiitazama.

Thaddeus


Bell Ford
9 Juni 2019

Kaka yangu,

Nisamehe kwa kimya. Zile kadi za Krismasi na Pasaka hazikuwa barua, najua, na barua zako tatu zipo hapa zinanitazama. Mimi na Kamiyah hatujambo. Anasoma sana, wanasema amekurithi. Mchungaji Gillyard amefanyiwa upasuaji wa moyo na ameanza kuhubiri kwa kifupi, kila mtu anamshukuru Mungu mara mbili.

Nyumba ya Ott iliuzwa Novemba. Tunakaa chumba cha nyuma kwa Dada Verdell wa kwaya. Ni mtu mwema, ila wema wake unahesabu vijiko. Nguo zetu ziko kwenye masanduku. Kamiyah amejifunza kutembea bila kukanyaga ubao unaolia.

Jengo limesimama, ghorofa tatu, matofali mekundu. Wameliita Kiwanda cha Ngozi, kwa herufi za chuma. Watu waliofukuzwa hapo kwa sababu walinuka ngozi! Nilicheka barabarani peke yangu mpaka askari wa usalama akaniuliza kama naumwa.

Maombi yamefunguliwa wiki hii. Nilifika kabla ya ofisi kufunguliwa nikakuta nimetanguliwa na watu wengi. Wazungu wazee wengi kuliko nilivyodhani. Nao bei zimewakuta. Nimejiandikisha. Wataita mmojammoja kwa mahojiano.

Niombee.

Letha


Toledo
30 Juni 2019

Letha mdogo wangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Hapa joto limekuja lote kwa pamoja. Daktari anasema moyo wangu ni wa mtu wa miaka sitini, nikamwambia amrudishie huyo mtu.

Nakuombea, na zaidi ya kuomba. Nina jambo la kukushtukiza, ila sitalisema mpaka liive. Usijaribu kulikisia, utaniharibia.

Wamekuita? Umewaambia chini, mashariki? Niandikie mara tu upate namba ya nyumba.

Thaddeus


Toledo
18 Agosti 2019

Letha,

Sijapata jibu. Afya yangu ni ileile. Nauliza tu: wamekupa ipi?

Thaddeus


Bell Ford
22 Septemba 2019

Kaka,

Nimeanza barua hii mara kadhaa, kila mara nikaishia kwenye salamu. Basi leo salamu nazifupisha: tuko hai.

Waliniita Julai. Binti wa ofisini ni mpole, jina lake Brittney, kucha za kijani. Aliuliza habari za pensheni yangu, akasema nimo ndani ya kiwango, si tajiri mno wala maskini mno. Akaniambia nyumba ya chini ya mashariki iko wazi. Kaka, nilikuwa nimeshaanza kupanga mapazia kichwani.

Kisha akauliza, "Na nani mwingine atakaa humo?"

Nikasema, "Mjukuu wangu."

"Ana umri gani?"

"Miaka tisa, anaingia kumi."

Akaweka kalamu chini. "Mama, hili ni jengo la wazee. Kila anayelala humu lazima awe ametimiza miaka sitini na miwili."

Nikamwambia nimeelewa, mzee ni mimi, mtoto ni wangu. Akasema hapana, kila anayelala humu. Nikamwuliza mzee gani mweusi wa mji huu anayekaa peke yake. Halafu akaniuliza, kwa upole kweli, kama hakuna ndugu mwingine anayeweza kumchukua mtoto.

Nikaenda kwa Lyle. Alinivutia kiti. Akasema anaumia kuliko ninavyojua. Mwanzoni waliomba jengo la familia, lina vyumba viwili viwili, hata uwanja wa bembea ulichorwa. Lakini baraza lisingepitisha. "Bibi Boykin, ni ushahidi wako uliotuvusha," akasema. "Bila wewe jengo hili lisingekuwapo. Nawaambia watu wote." Alisema kwa heshima, na hilo ndilo lililonichoma.

Nimelifikiria sana. Mimi na wewe tuliposema wazee tulimwona Mama kwenye kibaraza na wajukuu watano miguuni. Tanyard mzee asiye na mtoto ndani ya nyumba alikuwa anapelekewa mtoto, ili asije akafa bila mtu kujua. Nani angedhani kwamba wao wakisikia wazee wanaona mtu mmoja na paka wake? Wewe mwenye vitabu hukulijua, na mimi ninayeamka na mtoto ubavuni sikuliuliza. Nilisema nitaridhika.

Walinipa mpaka mwisho wa Agosti nimtafutie mtoto pengine pa kukaa, nikaiacha nyumba. Dada Verdell mwanawe anarudi kutoka jeshini na atahitaji chumba. Ndivyo mambo yalivyo. Yule Brittney aliuliza kuhusu ndugu. Nakuandikia tu alivyouliza.

Letha


Toledo
6 Oktoba 2019

Letha mdogo wangu,

Natumaini magoti yanapumzika. Hapa majani yameanza kuanguka.

Barua yako imenivunja. Nimetafuta sheria yenyewe maktaba, na binti yule hakukosea. Kipengele ni kifupi na hakina mlango.

Kuhusu ndugu: ngazi za jengo hili ni ndefu, masikio yangu hayasikii mtoto akilia, na shule ya karibu imefungwa. Nayasema haya uyajue.

Sasa lile jambo nililokuficha. Mwezi Juni nami niliomba. Niliandika kama mzaliwa wa Tanyard, nikatuma karatasi za pensheni ya kiwanda cha vioo. Nilitaka siku moja ufungue mlango wako unikute nimesimama kwenye mlango wa pili, majirani, mimi na wewe, kwenye udongo wetu. Mwezi Julai walinikubalia nyumba ya ghorofa ya pili. Katikati ya Septemba wakaniandikia tena kwamba ya chini ya mashariki imeachwa wazi, na kwa kuwa miguu yangu ni ya umri huu, wananipa hiyo. Sikujua ni yako mpaka nilipoisoma barua yako. Nilikuwa nimeshatia saini na hapa nimeshatoa taarifa ya kuhama.

Niambie neno moja. Ukisema nisiichukue, sitaichukua.

Thaddeus


Bell Ford
19 Oktoba 2019

Kaka Thaddeus,

Kamiyah anakusalimu.

Hapana, hilo neno hutalipata kwangu. Ukiikataa watampa anayefuata, hawatanipa mimi. Ukiichukua utakuwa umeichukua wewe, wala usiseme nilikuruhusu. Nilishawahi kusema nitaridhika mara moja mbele ya watu, inatosha.

Hukuninyang'anya nyumba, na nikimsikia mtu kanisani anasema hivyo nitamnyamazisha. Lakini nitakuambia nililolingoja, kwa kuwa sitalisema nikikuona uso kwa uso. Mzee peke yake hapangi nyumba mji huu. Wazee wawili wenye pensheni mbili wanaweza, nyumba ndogo, vyumba vitatu, hata kama ni upande wa reli. Nilikuwa nimeiona moja. Tangu Septemba nilingoja barua yako iseme, Letha, nitakuja tukae watatu. Sikukuomba, kwa sababu kaka haombwi hilo. Barua ikaja, ikawa na ngazi, na masikio, na shule, kisha ikawa na mashariki.

Umeipenda ardhi ile miaka hamsini na moja, Kaka. Imekuzoea. Sisi bado hujatuzoea.

Nyumba ya upande wa reli imechukuliwa. Tumepata nyumba ya bati ya magurudumu huko Orrville, mwendo wa dakika arobaini kwa gari, kwa mtu mwenye gari. Tunahama Jumamosi. Mchungaji ataleta lori lake.

Usiniandikie tena dirisha linatazama wapi.

Arletha


Kiwanda cha Ngozi, Nyumba Na. 104
Bell Ford, Carolina Kusini
1 Desemba 2019

Letha mdogo wangu,

Nimekuja. Nilidhani ungekuwapo kituo cha basi, kisha nikakumbuka sikukuambia siku. Natumaini nyumba ya Orrville inashika joto na Kamiyah ameipenda shule mpya.

Hapa ni safi. Maji ya moto hayaishi. Sitasema mengine kuhusu mahali, umenikataza.

Nitasema kuhusu watu. Tuko kwenye korido moja wazee wengi, na kila mlango una mtu mmoja nyuma yake. Wa 106 ni mwanamke mzungu aliyekuwa na kibao cha kutupinga kwenye nyasi zake. Mwanawe aliiuza nyumba ile. Ananiletea biskuti. Jioni kila mmoja anafungua televisheni yake, na hata mimi kiziwi naisikia mitetemo ukutani. Nimekaa hapa wiki tatu sijamwona mtoto. Uwanja wa bembea wameupanda maua. Letha, nilirudi kwetu na kwetu hakupo, ingawa nimelala juu yake.

Sitakuomba msamaha kwa barua, neno hilo lingeonekana dogo kwenye karatasi. Nimefanya nililoweza. Nimemwuliza Brittney kuhusu wageni. Mtoto anaruhusiwa kulala usiku kumi na nne kwa mwaka. Nimenunua kitanda cha kukunja na blanketi la manjano. Mlete Kamiyah likizo ya Krismasi. Nitampikia kwa sufuria mbili.

Thaddeus


Orrville
14 Desemba 2019

Kaka,

Nyumba inashika joto tukiweka magazeti madirishani. Shule hajaipenda, ila hajasema. Nimepata kazi ya asubuhi jikoni kwenye hospitali ndogo ya hapa, nasimama zaidi kuliko magoti yanavyotaka.

Barua yako nilimsomea Kamiyah mezani, yote, hata ya biskuti. Alifurahi. Alikwenda kutafuta begi lake. Kisha akarudi nalo mkononi, likiwa tupu, akaniuliza kuhusu zile siku kumi na nne: zikiisha na yeye bado yupo amelala, ni nani anakuja kumtoa, ni polisi au ni yule mwenye kucha za kijani?

Mimi simdanganyi mtoto huyu, ameshadanganywa vya kutosha na watu waliomwambia mama yake atapona. Nikamwambia sheria inamtaka mwenye nyumba amtoe mgeni wake mwenyewe.

Akasema, "Yaani Babu Thaddeus."

Nikasema ndiyo.

Amerudisha begi chini ya kitanda. Anasema blanketi umwekee mtu mwingine.

Arletha